Kutu kwenye Mtutu

Kaka yangu Garth alinituma nikamnunulie bunduki siku ya Alhamisi, kwa sauti ileile ambayo mtu humtuma mwenzake maziwa dukani.

"Dogo, Jumamosi kuna gulio la bunduki za kale pale viwanja vya maonyesho. Nenda ukanichukulie moja."

"Mimi?"

"Sasa nani, mbwa?"

Mbwa alikuwa chini ya kitanda cha Garth, akainua kichwa. Kitanda chenyewe kilikuwa cha hospitali. Walikileta nyumbani wakakiweka sebuleni karibu na dirisha ili aone barabara. Saratani ilikuwa imemwanzia kwenye kongosho na sasa ilikuwa kila mahali. Ilikuwa Septemba, na daktari alishasema Krismasi haitamkuta. Mke wake, Noelene, aliposikia hayo alikaa chini sakafuni palepale kwa daktari. Mimi nilitoka nje nikaangalia kama nimefunga gari.

Nisidanganye, sikusikia kitu. Si huzuni, si hasira. Ile ganzi inayokupata mguuni ukiukalia vibaya, mimi ilinishika mwili mzima, na wiki zikapita bila kuachia. Nilikuwa naenda kwa Garth kila siku. Natengeneza chai, namgeuza ubavu, nakata majani ya uani, narudi kwangu nakula mkate nimesimama. Watu mjini wananishika bega wananiambia pole Ross, nawaambia ahsanteni, na moyoni kimya kabisa.

Garth alizipenda bunduki za zamani tangu tukiwa wadogo, na hakuwahi kuwa nayo hata moja. Miaka yote ile anaendesha basi la shule, anasoma vitabu vyake, anakwenda kwenye kila gulio kuanzia hapa hadi mji wa Bathurst, anashika, anauliza, anarudi mikono mitupu. Alikuwa akisema ataanza kukusanya akistaafu. Alistaafu Machi. Mei akaanza kuumwa tumbo.

"Nataka niishike ya kwangu," akasema. "Siyo nishike ya mtu halafu nirudishe mezani nimwambie ahsante. Ya kwangu mwenyewe, hata kama ni kwa wiki mbili."

Hilo tu ndilo alilotaka. Hakutaka padri, hakutaka kupelekwa baharini, alitaka gobore.

"Mimi sijui lolote kuhusu bunduki, Garth. Mimi ni fundi wa kupaka rangi."

"Ndiyo maana nakufundisha. Kaa."

Akanifundisha. Nichungulie ndani ya mtutu nione kama ile mistari ya kuizungusha risasi bado ipo. Niangalie chuma kilivyokaa kwenye mbao, nikiona upenyo nijue wameunganisha vipande vya bunduki mbili. Nisishike kabla ya kuomba. Nisiulize kama bado inapiga, maana ukiuliza hivyo wanajua wewe mgeni, wanakuuzia bomba la maji. Alisema mengi, akipumzika katikati, Noelene anamwambia nyamaza wewe, naye hanyamazi. Kuna jambo moja tu hakulisema, na simlaumu. Kwa watu wa bunduki za kale jambo hilo halisemwi, kwa vile haiwaingii akilini kwamba kuna kiumbe asiyelijua.

Jumamosi nikaenda na pikapu yangu. Gulio lilikuwa kwenye ukumbi uleule wanaoshindanishia kondoo na keki. Wazee wamekaa nyuma ya meza na chupa zao za chai, bunduki zimelazwa juu ya mablanketi. Akina mama wa kanisa walikuwa mlangoni wanauza soseji kwenye mkate. Nikanunua moja, nikaila yote, na sikusikia ladha hata ya kitunguu.

"Unatafuta nini, bwana?" akaniuliza mzee mmoja mwenye tumbo.

"Bunduki."

"Basi umepotea. Hapa tunauza maua."

Jirani yake akacheka. Nikasema natafuta ya kuanzia tu.

"Ya kuanzia ndoa au ya kumalizia?"

Wakacheka wote wawili. Siku nyingine ningewajibu, mdomo ninao. Siku hiyo nilipita tu. Garth alishaniambia niende moja kwa moja kwa Wincott, kwamba wengine wataninyonyoa nirudi niko uchi. Nikamkuta Wincott kwenye kona, mzee mrefu mwembamba aliyevaa sweta la sufu, mezani ana bunduki nne tu. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Garth wa basi la shule, nikaomba, ndipo nikashika.

Ilikuwa ndefu karibu kunifika kidevuni. Gobore la Kiingereza la kushindilia baruti mdomoni, walilogawiwa askari wa kujitolea enzi za koloni. Mtutu wa kahawia iliyokolea. Mbao nyeusi kwa jasho na moshi, na kwenye kitako, pale shavu linapolala, kulikuwa na doa jeusi zaidi, linang'aa kidogo. Kwa macho yangu mimi kilikuwa kitu kilichosahaulika bandani kikanyeshewa.

"Imetoka kwa familia moja ya shambani," Wincott akasema. "Walikaa nayo tangu mwanzo. Hakuna fundi aliyeichokoa."

Nikampigia Garth simu, nikaweka sauti ya nje.

"Rangi ya mtutu?" akauliza.

"Kahawia."

"Kahawia ya kutu au kahawia ya chokoleti?"

"Chokoleti."

Nikasikia anavyopumua. "Mistari ipo?"

Wincott akanipa tochi ndogo. "Ipo mitatu," nikasema. "Inaonekana vizuri."

"Mpe Wincott simu."

Nikampa. Wincott akazima sauti ya nje, akageukia ukutani, akaongea kwa kunong'ona. Alipogeuka tena alinitazama kama mtu aliyepewa habari. Akataja bei, na kabla sijafungua mdomo akaishusha mwenyewe. Maneno yote ya kuombea nafuu niliyokuwa nimeyapanga njiani yakakosa kazi. Nikalipa, naye akaifunga kwenye blanketi la kijivu, taratibu, kama anavyofungwa mtoto.

"Mwambie Garth amechukua ile ambayo ningebaki nayo mimi," akasema.

Garth hakutaka niipeleke siku hiyo. Dawa zilimchosha, akasema hawezi kuiona mara ya kwanza huku anasinzia. "Niletee Jumatatu asubuhi. Asubuhi nakuwa mtu."

Kwa hiyo Jumapili nzima nilikuwa nayo mimi. Nikaifungua bandani kwangu, juu ya meza ya kazi, nikaitazama mchana kweupe, nikaona aibu. Mtu anakufa, ameomba kitu kimoja tu, na mimi nimpelekee uchafu? Mji huu nimeupaka rangi tangu ujana wangu. Kitu kikiwa kichakavu najua cha kufanya, mikono inaanza yenyewe. Nikatoa msasa. Nikatoa na ule waya laini wa kusugulia vyuma.

Nilianza na mbao. Lile doa la shavuni lilikuwa kaidi, nikalirudia na kulirudia hadi likaisha na mbao ikatoka rangi ya asali. Nikapaka vanishi. Mtutu niliusugua hadi kahawia yote ikaondoka na nikaona sura yangu humo, imerefuka. Na ilikuwa siku nzuri, ya kwanza tangu Mei. Nilipiga mluzi. Nilipomaliza nikasema, haya, sasa hii ndiyo zawadi.

Jumatatu Noelene alinipokea mlangoni. "Ee, shemeji, imependeza hiyo. Kama imetoka dukani leo."

Garth alikuwa ameogeshwa na kuchanwa nywele. Alivaa lile shati lake la harusini, ameegemea mito, miwani imefutwa. Nikamlazia gobore mapajani, nikafunua blanketi.

Akaweka kidole kwenye kitako, akakisogeza, akakirudisha, anapapasa kama mtu aliyedondosha sindano kitandani.

"Hii siyo ile," akasema.

"Ndiyo ile."

"Uliniambia chokoleti."

"Ilikuwa. Nimeisafisha."

"Umeisafisha."

"Ilikuwa chafu, Garth. Nisingeweza kukuletea vile."

"Na doa la shavu? Wincott aliniambia kuna doa la shavu."

"Hilo lilinihangaisha kweli. Lakini limetoka lote."

Akavua miwani. Akafunika macho kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani anakohoa. Alikuwa analia. Garth huyu tuliyezika naye baba na mama bila kumwona chozi.

"Lile doa lilikuwa mtu, Ross," akasema. "Mtu alilaza shavu pale, na mwanawe baada yake, na mjukuu. Wamekaa pale miaka mia na zaidi. Umekuja wewe na msasa."

Nilijua kwamba hapo ndipo pa kuumia. Nilisimama katikati ya sebule nikingoja niumie, na haikuja. Nikasema nitamtafutia nyingine gulio lijalo.

"Lijalo lini?"

"Machi," nikasema.

Alinitazama tu hadi nikaelewa nilichosema. Noelene akanivuta jikoni, akafunga mlango. Naye alikuwa hajui kosa ni lipi, mpaka nilipomweleza kwamba kumbe bunduki ya kale haisuguliwi. "Wewe mpumbavu," akaniambia, pole pole, bila hasira. "Wewe mpumbavu wewe." Halafu akanipa kikombe nisuuze, apate kunipa cha kufanya.

Baadaye kidogo Garth akaita. "Dogo. Njoo hapa."

Alikuwa ameishika. Mkono wa kushoto umekamata mtutu, wa kulia uko kwenye kitako, anaitazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemwaibisha mbele za watu.

"Wincott akiiona hii atazimia," akasema. "Unajua umeigeuza nini? Mguu wa meza. Nimesubiri maisha yangu yote, nimepata mguu wa meza." Akacheka hadi tumbo likamuuma, Noelene akaja mbio na dawa. Alipotulia akasema, "Mbovu, lakini yangu. Haitoki humu."

Kisha akanipa adhabu. Chuma kilichochunwa namna ile, akasema, kinabaki bila ngozi. Jasho la mkono likikaa siku mbili tatu, kinaota kutu. Wenye bunduki hizi wakizishika hawaziachi hata siku moja bila kuzipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. "Kila nikiishika, unaipangusa wewe. Kila siku. Usipopangusa nitajua."

Hivyo ndivyo tulivyoishi hadi mwisho. Mimi nafika, yeye anaidai, anaishika, ananieleza habari za ule mtambo na zile alama zake, akichoka naichukua, naipangusa, naisimamisha pembeni. Nesi wa kuja nyumbani alipoiona mara ya kwanza alisimama. "Mzee, una silaha kitandani."

"Basi uwe unaleta dawa mapema," Garth akamwambia.

Mikono yake ilizidi kukonda, lakini vidole vilibaki vinene, vidole vya usukani. Siku zingine hakuongea, alishika tu. Nilikaa pembeni na kitambaa changu mapajani kama mhudumu wa hoteli. Sikuomba msamaha, naye hakunitaka niombe.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, mchana wa joto, nzi wameanza. Alikuwa ameushika mtutu kwa mkono wa kushoto tangu asubuhi. Nilingoja achoke. Pumzi zikaanza kukaa mbalimbali, Noelene akapanda kitandani akamlalia ubavuni, na mbwa akatoka nje mwenyewe. Ilipokwisha, Noelene ndiye aliyevifungua vile vidole, kimoja kimoja. Akanipa bunduki bila kunitazama. Watu wangekuja, na si vizuri wakute bunduki kwenye nyumba ya msiba, basi nikaifunga kwenye lile blanketi nikaisimamisha nyuma ya kabati la chumbani. Sikuipangusa. Sikukumbuka kabisa.

Mazishini nilifanya kila kitu. Niliongea na mchungaji, nilipanga viti, nilipitisha sandwichi na chai. Wincott alikuja na suti iliyompwaya, na kwa kuwa mpwa wetu mmoja ana mgongo mbaya, Wincott akashika jeneza mahali pake. Watu wakaniambia Ross umejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza. Hakukuwa na kitu cha kukazia.

Wiki chache baadaye Noelene akaniita. "Shemeji, nichukulie gobore lenu. Siwezi kulala nalo chumba kimoja."

Nikalichukua hadi bandani, nikafunua blanketi juu ya meza. Katikati ya mtutu, kwenye ule mng'aro wangu, kulikuwa na madoa manne ya kutu, yamepangana kwa mshazari. Upande wa pili kulikuwa na moja, pana zaidi. Rangi ya chungwa. Kwenye doa la pili unaona hata mistari ya ngozi ya kidole.

Niseme ukweli, wazo la kwanza lilikuwa la mpaka rangi. Kutu, msasa. Nilishavuta droo, nilishaushika. Kisha nikaelewa ninatazama nini, nikaurudisha msasa nikafunga droo, na mikono yangu nikaiweka mfukoni isije ikaanza yenyewe. Nikaifunga bunduki, nikaingia garini, nikaenda kwa Wincott, mji wa tatu kutoka kwetu, nyuma ya maghala ya ngano.

Alikuwa kwenye gereji yake anayoifanya karakana. Nilipofunua blanketi alifumba macho kidogo.

"Garth aliniambia," akasema. "Alinipigia. Aliniambia nisikutukane, na nimemwahidi, kwa hiyo nanyamaza." Akainama karibu. Akaona yale madoa, na palepale mkono wake ukaenda kwenye kitambaa cha mafuta, kama mikono yao wote inavyokwenda. "Hii tuitoe sasa hivi kabla haijazama."

"Usiitoe."

"Ross, inakula chuma. Ukiiacha hivi, mwakani ni mashimo."

"Ni mkono wa Garth."

Wincott akabaki na kitambaa hewani. Akakiangalia, akakiweka mbali, upande wa pili wa meza. Akavaa miwani nyingine, akaanza kuhesabu vidole kwa macho, na alipofika kwenye kile cha gumba akatikisa kichwa.

"Basi husugui," akasema. "Kitambaa hapana, waya hapana. Tone la mafuta kwenye ncha ya kidole chako, unaweka juu ya doa, unabonyeza, unatulia. Mafuta yanaizuia isiendelee kula. Doa lenyewe linabaki."

"Linabaki kabisa?"

"Ukikaa mbali na msasa, litakuzika."

Akanisogezea kichupa. Nikatia tone kwenye kidole cha shahada, nikabonyeza doa la kwanza. Nikatia na kwenye kidole kinachofuata, nikabonyeza la pili. Vidole vya Garth vilikuwa vinene kuliko vyangu, changu kinapotea katikati na kutu inabaki pembeni pande zote. La tatu. La nne. Sikuinua mkono. Gumba likashuka lenyewe upande wa pili, likakuta mahali pake. Nilikuwa nimeshika pale aliposhika, vilevile alivyoshika, na chuma kilikuwa baridi.

"Kaka yangu amekufa," nikasema.

"Najua, Ross. Nilimbeba."

"Mimi nilikuwa sijajua."

Nikalia. Nililia mezani kwa mzee wa watu, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa, mkono haubanduki kwenye mtutu, na niliumia, niliumia kila mahali kwa pamoja. Wincott akafunga mlango wa gereji, akavuta kiti, akakaa karibu nami hadi nilipomaliza.